Seng'enge inakatwa lakini haiibwi. Nimekosea wapi?

Fundi Cherehani wa Magu:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Naomba mawazo yenu, hasa nyie mnaoishi kandokando ya ziwa. Nina miaka 52. Nimezaliwa na kukulia Buguruni, Dar es Salaam, na kwa miaka 22 nimeshona nguo kibarazani kwetu palepale. Mume wangu alikuwa dereva wa malori, njia ya Mwanza ndiyo aliyoizoea, na kila akirudi nyumbani hadithi yake ilikuwa ziwa. Mgongo ulipomlazimisha kuacha barabara, tuliuza nyumba ndogo tuliyokuwa tukiipangisha Mbagala tukanunua ekari sita wilaya ya Magu, mwambao wa Ghuba ya Speke. Tulihamia Machi mwaka jana, sisi wawili na mtoto wetu wa mwisho, yuko darasa la tano. Mimi Mzaramo, mume wangu Mzigua. Kisukuma hatukijui, tunajikongoja na salamu tu.

Shamba lenyewe juu ni kichanga. Upande wa kusini ni udongo mweusi, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mtoto unazama. Upande wa ziwa kuna majabali makubwa, na kati ya mawili kuna upenyo wa kuteremkia majini. Kulia na kushoto kwake ni matete matupu. Aliyetuuzia anaishi Mwanza mjini. Alitutembeza kutoka jabali hadi jabali, akatuonyesha mpaka wa mkonge, mwenyekiti wa kitongoji akasaini, mashahidi wawili wakasaini, tukalipa.

Mahindi ya kwanza yalitushinda. Tulipanda Desemba, mvua ikakata Januari, tukaambulia magunia mawili. Hilo sina neno nalo, ni ugeni.

Kinachoninyima usingizi ni uzio. Dar tumevunjiwa mara tatu, mara ya tatu walichukua cherehani zangu mbili. Kwa hiyo Julai, kabla hata ya kumalizia choo, tulizungusha seng'enge shamba zima. Nyuzi nne, rola nane, mpaka majini. Nilikuwa nimeapa sitaibiwa tena.

Septemba mume wangu alikwenda kukagua akakuta nyuzi zote nne zimekatwa kati ya nguzo mbili, pale karibu na majabali. Tukasema wezi hao wameanza. Lakini seng'enge ilikuwepo. Ilikuwa imekunjwa mviringo, vipande vinne, kila kimoja kimefungwa kwa kamba ya katani, vimetundikwa juu ya nguzo visije vikamchoma mtu. Mimi ni fundi, mkono uliotulia naujua nikiuona. Vile vipande vilikunjwa na mtu asiye na haraka wala hasira.

Tukaunga. Novemba vikakatwa tena, palepale, vikatundikwa vilevile. Wiki iliyopita ni mara ya tatu, na safari hii majani yaliyoota chini ya uzio yamefyekwa pia, upana wa mtu mmoja na mzigo wake.

Nimemwambia mwenyekiti, anasema atafuatilia. Mume wangu anataka twende polisi. Mimi nimemzuia kwanza, kwa sababu kuna jambo jingine linaloniumiza kuliko seng'enge. Watu wananisalimia. "Mwangaluka mayu," naitikia, wanapita. Basi. Mwaka mzima hakuna mwanamke aliyeingia kwangu kuomba chumvi au kukaa kivulini. Buguruni nilikuwa sijui mlango wa kufunga mchana. Hapa nasikia cherehani yangu tu. Mwezi wa kumi na moja jirani wa tatu kutoka kwetu alifiwa, tukajua wameshazika. Nikatuma elfu kumi kwa mtoto. Nayo ikaishia hapo.

Mtoto naye tumbo linamsumbua tangu Januari, shuleni anakosa kila wiki. Nimechoka, lakini sitaki kurudi Dar. Nimekosea wapi, na nianzie kwa nani?

Mzee wa Busisi:

Marahaba. Mwangaluka mayu.

Nimeisoma habari yako mara mbili. Mwizi wa seng'enge hakati sehemu moja mara tatu, na hakunji. Huyo anakwambia mali yako haitaki. Anataka apite.

Nijibu maswali mawili kabla sijasema zaidi. Hayo majabali, ukiyatazama kwa juu yana rangi gani? Na siku mliyokuja kuangalia eneo kwa mara ya kwanza, mwezi ulikuwa mkubwa au giza?

Kijana wa Nyegezi:

Mama shikamoo. Mimi nasema usirudi nyuma hata hatua moja. Umenunua, una karatasi, umetoa jasho lako. Leo ukiwaachia njia, kesho ng'ombe, keshokutwa wanakulimia. Nyumbani kwetu mjomba aliachia kiupenyo namna hiyo, sasa hivi ni barabara ya bodaboda. Nenda polisi, fuga mbwa wawili wakali, na nguzo ziwe za zege.

Fundi Cherehani wa Magu:

Marahaba mwanangu. Nimekuelewa, na uchungu wa mjomba wako naujua. Ila mbwa wakali siwezi, wanafunzi wanapita kwangu.

Mzee wangu, maswali yako yamenitoa nyumbani saa hizi hizi. Nimekwenda kwenye majabali na mwanangu. Kwa juu yana mabaka meupe yanayometa jua likipiga. Siku zote nilidhani ni jiwe lenyewe, maana mawe ya huku yana vimulimuli. Leo nimekwangua kwa kucha. Ni magamba ya dagaa. Yamegandana tabaka juu ya tabaka kama rangi ya zamani, na kucha zangu zinanuka mpaka sasa.

Na mwezi: mume wangu anakumbuka vizuri, tulilala kwa mwenyeji wetu na usiku tukala nje bila taa. Mbalamwezi ilikuwa kama mchana. Asubuhi tukazunguka eneo lote, hatukuona mtu hata mmoja.

Baada ya kuhamia niliona wanawake wakipita alfajiri na mabeseni kichwani. Nikajua wanateka maji. Tulipofunga, wakaanza kuzungukia kwenye matete.

Mzee wa Busisi:

Hapo sasa.

Dagaa wanavuliwa gizani, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti, mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa, watu wanashona nyavu na kulala. Mwuza ardhi akikuleta wakati huo utaona ufuko mtupu na majabali mazuri ya kupiga picha. Sisemi alikusudia. Nasema ulionyeshwa shamba siku ambayo wenye kazi nalo walikuwa likizo.

Giza likirudi, mitumbwi inaingia alfajiri. Akina mama wananunua dagaa wabichi kwa ndoo, wanapandisha, wanaanika. Akianika mchangani, dagaa anakauka na mchanga, na mnunuzi akimtafuna mmoja tu sokoni anashusha bei. Jabali halina mchanga, tena jua likilipasha linakausha kwa chini na juu. Wakianikwa asubuhi na jua likiwa zuri, jioni wanakusanywa. Kwa hiyo jabali huku si jiwe. Ni mtaji wa mwanamke asiye na fedha ya kutengeneza chanja.

Na kuna jambo la 2020. Mwaka ule ziwa lilipanda kuliko sisi wazee tulivyowahi kuliona. Kwetu lilimeza mchanga wote wa kuanikia, likaingia mpaka kwenye vibanda. Waliokuwa wakianika ufukoni wakapanda juu, kwenye majabali. Bila shaka kwenu ilikuwa hivyo hivyo, na mwenye shamba akiwa mjini hakukataza mtu. Ukaja wewe ukafunga.

Hayo matete wanayozungukia, mayu, humo ndimo viboko wanamolala mchana na mamba wanamosubiri. Sikwambii kukutisha. Mwanamke mwenye beseni kichwani haangalii miguuni.

Bwana Ardhi Mstaafu:

Nimefanya kazi ya ardhi vijijini kwa miaka mingi, naomba niongeze upande wa karatasi, kwa sababu Kijana wa Nyegezi anaamini karatasi itakulinda.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Umesema uzio wako unafika majini. Ukienda mbele ya vyombo vya dola kulalamikia kipande hicho, swali la kwanza litakuwa kwako.

La pili, hiyo ni ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, msimamizi ni halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwa shahidi mzuri, lakini saini yake peke yake haikuhamishii haki. Nimeona familia zikikaa miaka minane zikidhani zimemaliza. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, omba suala lenu liingie kwenye kikao cha halmashauri, kumbukumbu ziandikwe, kisha muombe hati ya hakimiliki ya kimila. Njia ya kuteremkia ziwani ichorwe humo humo. Njia iliyochorwa haitanuki kuwa barabara ya bodaboda. Na baraza la ardhi la kata, tangu mabadiliko ya 2021, kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu tena.

Lakini dada yangu, usianzie kwangu. Ukifika ofisini kabla hujafika kwa hao akina mama, umefungua kesi hata kama hukukusudia.

Nesi wa Ukerewe:

Dada, pole. Wenzangu wamesema ya uzio, mimi nimeng'ang'ania mstari wako mmoja kuhusu mtoto. Anaoga ziwani? Tumbo linauma, anachoka, na wakati mwingine choo kina damu? Mpeleke kituo cha afya kesho, wapime choo, uwaambie mnaishi ufukoni. Kichocho cha tumbo kimejaa mwambao huu wote. Dawa yake ni prazikwanteli, inatolewa kulingana na uzito au urefu, na umpe akiwa ameshakula. Lakini akirudi kuogelea penye konokono wanaotoa vijidudu vyake atakipata tena. Maji ya kuoga mkiyavuta kwa pampu yaacheni kwenye tenki lililofunikwa siku mbili kamili, vijidudu vile vinakufa vyenyewe. Ya kunywa chemsha bila kukosa.

Na la msiba. Mimi nilikuja Ukerewe nikitokea Tanga, nikafanya kosa lako lile lile la kutuma fedha. Huku fedha ni ya mwisho. Kwanza ni miguu yako. Unakwenda na unga, unakaa chini na wenzako, unapeta mchele, unalala matanga. Siku ya kuzika hakuna anayeshika jembe. Mtu akikosekana msibani watu hawamchukii, wanamhesabu tu kuwa hayupo. Ndivyo ulivyohesabiwa. Nenda hata sasa. Miezi imepita, sawa, lakini mfiwa bado anaye marehemu wake moyoni. Chukua kilo tano za unga, useme nilichelewa kujua, na baada ya kujua nikakosa adabu ya kuja mwenyewe.

Fundi Cherehani wa Magu:

Nesi, umenilaza macho. Ndiyo, damu ipo, alinificha, leo ndipo amesema. Alfajiri tunaondoka.

Mzee wangu, nielekeze. Niweke geti dogo pale, niwaambie wapite?

Mzee wa Busisi:

Usiweke geti. Geti lina mwenye ufunguo, na wao watapita kila siku wakiomba kwa macho. Toa nguzo zenyewe. Fanya kwa mkono wako na wa mumeo, msimtume kibarua, na mfanye mchana watu wakiona. Vile vipande walivyokunja msivitumie mahali pengine kwa sasa, viacheni vining'inie kwenye nguzo zitakazobaki.

Kisha nenda kwa mama mmoja, mkubwa kuliko wote wanaoanika. Nenda asubuhi, usiende na mume. Salimia vizuri, piga goti, maana umri wako haukukatazi. Habari ya uzio usiitangulize. Kaa. Atakapouliza kilichokuleta, mwombe akwambie jabali lipi la nani. Usiseme "nawaruhusu". Ukisema hivyo umefunga tena.

Na ulize kuhusu mashamba pia. Ule udongo mweusi wa kusini huku tunauita mbuga, huko weka majaruba ulime mpunga. Kichanga cha juu, luseni, ni cha muhogo, viazi na karanga. Mtu yeyote pale angekwambia mwaka jana kama angepata pa kukaa.

Fundi Cherehani wa Magu:

Narudi baada ya wiki tatu, mnisamehe. Nilitaka nije na neno la kweli.

Mtoto alikutwa na kichocho. Amemeza dawa, amerudi shule, anakula. Nesi, Mungu akulipe. Tenki tumeongeza la pili, moja linajazwa, jingine linatulia.

Nguzo tulizing'oa Jumanne, mume wangu na mimi, tangu saa tatu mpaka adhuhuri. Hazikuwa chache, maana tulipima kutoka majini kwa kamba ya lori, tukarudi nyuma mita 60 kama Bwana Ardhi alivyosema. Watu walipita, wakatazama, hawakusema kitu. Usiku sikulala. Nilikuwa nasikia wezi wangu wa Buguruni katika kila jani linaloanguka.

Alhamisi nikaenda kwa bibi mmoja, ndiye mkubwa. Nikapiga goti. Akaniacha pale chini muda mrefu, kisha akanipa kigoda na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna. Hakuniuliza kilichonileta. Aliniuliza nimezaa watoto wangapi, na mama yangu kazikwa wapi. Tulikaa mpaka jua likawa utosini. Nikainuka kuaga, ndipo akasema kwa Kiswahili, taratibu: "Ile seng'enge nilikunja mimi. Mjukuu alikata, mimi nikakunja. Seng'enge ni ghali." Sikupata jibu. Nilimshika mikono tu.

Kwa mfiwa nilikwenda kesho yake na unga. Nilimkuta peke yake anapukuchua mahindi, nikakaa nikapukuchua naye. Hakutaja elfu kumi, wala mimi sikuitaja.

Giza liliporudi wakaanza kuanika. Siku ya nne, saa nane hivi, wingu lilitoka ziwani jeusi, na akina mama walikuwa mashambani. Dagaa wote wako juu ya jabali. Niliita mwanangu, tukachukua ufagio wa njiti na mabeseni yangu yote, tukazoa mbio. Matone yakaanza tukiwa tunamalizia, tukaingiza ndani mpaka kwenye chumba cha cherehani. Walipofika wanahema niliwaonyesha kwa furaha. Wakanyamaza, wakatazamana. Nilikuwa nimechanganya mali ya watu wanne. Kila jabali lina mwenyewe, na kila mmoja alinunua ndoo zake kwa bei yake. Nilitaka ardhi ipasuke. Bibi akaagiza sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, akakaa mlangoni kwangu mvua ikinyesha, akauliza kila mmoja alianika ndoo ngapi, akawapimia. Mmoja hakuridhika, na mpaka leo ananijibu kwa mkato. Nimemwambia nitamlipia sado mbili anazodai. Bibi amenikataza, anasema nikilipa nitakuwa nimekubali kwamba niliiba. Bado sijajua nimfuate nani. Lakini siku ile watu saba walikaa nyumbani kwangu, na mmoja aliniachia gauni la bintiye nipunguze kiuno.

Kijana wa Nyegezi, mbwa sijafuga. Kwa mtendaji wa kijiji tumeshapeleka barua, kikao ni mwezi ujao, na njia tumeiandika.

Mzee wangu, limebaki moja. Bibi anasema kiangazi ng'ombe nao hushukia pale kunywa, na baada ya mavuno huingia mashambani kula mabua. Mabua wale, wataniachia samadi. Lakini mwezi huu nataka kupanda mihogo kwenye luseni, nayo inakaa shambani mwaka mzima. Niiache umbali gani kutoka njiani, na upande ule nipande minyaa au inatosha mkonge?